Mjane Ambaye Mumewe Yuko Sebuleni

Kila Alhamisi asubuhi Adrien Lombe alioga kwa sabuni ya Jumapili. Mkewe, Geneviève Mwape, alilijua jambo hilo kwa sababu sabuni ile aliitunza yeye mwenyewe ndani ya sanduku la nguo za kanisani, na kila Alhamisi mchana aliikuta imelowa.

Geneviève aliuza samaki wakavu wa Kasenga kwenye kibaraza cha nyumba yao mtaani Kamalondo, mjini Lubumbashi. Alikuwa mwanamke wa bidii, msafi, mtu wa sala, na hakuwahi kumpunja mteja. Lakini alikuwa na wivu, na wivu wake ulijulikana mtaa mzima. Zamani Adrien alipokuwa akiimba sauti ya chini katika kwaya ya parokia, palikuwa na mwanamke mmoja wa sauti ya juu aliyezoea kusoma nyimbo kwenye kitabu kimoja naye. Geneviève alijiandikisha kwenye kwaya. Hakujua kuimba, sauti yake ilikwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Alisimama katikati ya wale wawili miaka tisa, kitabu akikishika yeye, mpaka yule mwanamke akahamia parokia nyingine.

Watu walicheka, na Adrien alicheka pamoja nao. Wanaume wengi hufurahia kulindwa namna hiyo, ingawa mbele ya wenzao hujifanya wanateseka. Ndiyo maana ugonjwa huu haukupata dawa ndani ya nyumba ile. Aliyekuwa nao aliuita upendo, na aliyepaswa kuukemea aliufurahia.

Adrien mwenyewe alikuwa fundi wa vyombo vya maabara. Miaka thelathini alitengeneza darubini na mizani za wanafunzi kule chuo kikuu cha Kasapa, na maprofesa walivisifu vidole vyake. Alikuwa amestaafu miaka miwili tu daktari alipomwambia kwamba moyo wake umetanuka na kuchoka, na kwamba asijipangie mambo ya mbali. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Geneviève alilia wiki nzima, kisha akaanza kumpikia chakula kisicho na chumvi. Adrien hakulia. Ikapita miezi mitatu, halafu zikaanza hizo Alhamisi.

“Unaenda wapi?” mkewe alimuuliza.

“Kuona bakolege wa zamani wa kazi.”

“Bakolege banataka uoge sabuni ya misa?”

“Mama Emmanuella, mutu akioga ni kosa?”

Alhamisi ya nne Geneviève alifunika samaki wake kwa gunia, akajifunga kitambaa kichwani, akasimama nyuma ya ukuta wa jirani. Aliona gari jeupe likimchukua mumewe penye kona, si mbele ya lango lao. Ndani ya gari alikaa mwanamke kijana. Geneviève akasimamisha teksi.

“Tufuate ile nyeupe.”

“Iko nani ndani, mama?” dereva aliuliza.

“Bwana yangu.”

“Ah! Basi minazima radio.”

Gari jeupe lilisimama mbele ya nyumba ya kupanga isiyokuwa na kibao, karibu na kampasi ya Kasapa. Geneviève alizunguka nyuma, akachungulia dirishani, na alichokiona hakikuwa kile alichojiandaa kukiona.

Adrien alikuwa amekaa kwenye kiti, amevaa kofia ya mpira iliyojaa nyaya. Mbele yake, upande wa pili wa meza, alikaa mtu asiye na nywele wala shati, kifua kipana, ngozi laini ya rangi ya kahawa, kijana wa miaka thelathini kwa kumtazama. Ila macho yake yalikuwa kioo kitupu, na shingoni palikuwa na mkanda wa chuma. Katikati yao palikuwa na sahani ya bukari, yaani ugali. Adrien alifumba macho. Mkono wa yule mtu wa bandia ukainuka polepole, ukamega bukari, ukaiviringisha, ukatia shimo dogo kwa kidole gumba, hasa kama Adrien anavyokula nyumbani. Mwanamke kijana mwenye koti jeupe alicheka kwa furaha, akafungua kinywa, na ule mkono ukamtilia tonge mdomoni.

Miaka thelathini na minne Geneviève alikuwa ameishi na mwanamume huyu, na tonge kutoka mkononi mwake alilipata mara moja tu, siku ya ndoa, mbele ya watu, kwa sababu msimamizi aliwaambia wafanye hivyo.

Aliingia bila kubisha.

“Adrien Lombe!”

Mkono wa bandia ulianguka juu ya meza kwa kishindo, sahani ikaruka.

“Mama, tulia,” alisema yule mwanamke akifuta mdomo. “Mimi ni Dokta Dorine. Hakuna kitu mubaya hapa. Ni kazi.”

“Kulishwa bukari njo kazi? Miye pia niandikishe!”

“Geneviève, wacha haya,” Adrien alisema, akihangaika na kofia iliyokataa kutoka. “Ule hakuna mutu. Ni mwili tu.”

“Mwili ya nani?”

Adrien aliivua kofia kwa nguvu. Kisha akasema, “Yangu.”

Dokta Dorine aliwaketisha akaeleza. Alifanya kazi na kampuni moja ya ng'ambo iliyokuwa ikitafuta watu wa kujitolea, wagonjwa wenye akili timamu ambao miili yao inakaribia kushindwa. Siku mtu akifa, ubongo wake unatolewa mara moja na kuhifadhiwa penye baridi kali. Madaktari wakishaweza, labda baada ya miaka kumi na tano, labda ishirini, ubongo utawekwa ndani ya mwili wa kutengenezwa, na mtu ataamka. Bado hakuna aliyeamshwa, alisema wazi. Lakini mtu akiufundisha mwili wake mpya mapema, jinsi anavyoshika, anavyokula, anavyopeana mkono, siku hiyo atajikuta nyumbani. Ndiyo kazi ya Alhamisi. Kilichokuwa kimebaki ni karatasi moja tu. Bila sahihi ya mke, kampuni haiwezi kugusa kichwa cha mtu.

Geneviève alimtazama yule wa bandia, mabega yale, tumbo lile lisilo na kovu. Akamtazama mume wake, ambaye siku hizi alihema kwa kupanda ngazi tatu tu.

“Leta hiyo karatasi nyumbani,” alisema.

Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, kurasa kumi na moja. Geneviève hakuielewa vizuri lugha hiyo, kwa hiyo alimwita binti yao Emmanuella, mwalimu wa shule ya msingi, aisome kwa sauti na kuieleza. Emmanuella alisoma bila kusita mpaka swali la kumi na nne, akafunika mstari kwa kidole.

“Soma,” mama yake alisema.

“Banauliza hali ya ndoa ya mutu, akiisha kuamuka.”

“Baba yako ameandika nini?”

Emmanuella alimtazama baba yake. Adrien alikuwa akitazama viatu vyake.

“Célibataire. Asiye na bibi.”

Hapo nyumba iliwaka moto. Adrien alijitetea kwamba yeye hakubuni kitu, kwamba ndoa huisha kwa kifo, padri mwenyewe ndiye aliyesema hivyo altareni.

“Padri alisema kifo!” Geneviève alipiga meza. “Weye haukufe! Weye unahama! Unatoka kwa nyumba ya zamani sawa mupangaji, na mimi unaniacha ndani pamoja na panya!”

“Sasa miaka makumi mbili ijayo weye utakuwa na ngapi? Nirudi na mwili ya kijana, nikukute na makumi munane, bantu baseme nini?”

Alisema hivyo kwa nia ya kumtuliza, na hakuna neno lililomchoma Geneviève kama hilo. Maana yake alikuwa ameshafikiri. Alikuwa amekaa, akajiona kijana, akamwona mkewe mzee, akachagua.

Tangu siku hiyo wivu wa Geneviève ulipata mtu mpya, na mtu huyo hakuwa Dokta Dorine. Alikuwa mwanamke ambaye hajazaliwa. Geneviève alimwona wazi kabisa: mrefu, shingo nzuri, amekaa mbele ya mkono ule wa ngozi ya kahawa akifungua kinywa. Mwanamke huyo angecheka vichekesho vya Adrien akidhani ni vipya. Angemsikia akiimba sauti ya chini asijue kwamba kuna mtu aliyemlinda. Na labda mama yake yuko hai leo, anapita Kamalondo, ananunua samaki. Asubuhi moja msichana mzuri alikuja kibarazani kuchagua samaki, na Geneviève akamfungia wadogo chini ya wakubwa. Msichana alipoondoka ndipo alipotambua alichofanya. Hakuwa amewahi kufanya hivyo katika maisha yake, na alikuwa amemwibia mtoto wa watu kwa kosa ambalo halijatendeka bado.

Jumamosi alasiri Adrien aliwaita ndugu zake wamshawishi mkewe atie sahihi. Aliyekuja na neno alikuwa dada yake mkubwa, Mutale, mwanamke wa miaka sabini aliyeshika mambo ya kifo katika ukoo wao. Kwao mume akifa, ndugu hukaa, humchagua mtu wa kurithi jina lake na nafasi yake, kisha dada wa marehemu humpaka mjane unga mweupe kwenye paji la uso na kumfunga ushanga mmoja mweupe mkononi. Hapo mjane amefunguliwa. Anaweza kutembea, kufanya biashara, kuolewa. Asipofungwa ushanga huo, hata akikaa miaka kumi bado ni wa marehemu, na watu humkwepa.

Mutale alisikiliza habari yote ya baridi na ya mwili wa bandia, akavuta pumzi.

“Mudogo wangu, siku ile tutakuzika. Tutasema umekufa, ao haukufe?”

“Mwili itakuwa imekufa, yaya,” Adrien alimjibu dada yake.

“Nauliza weye.”

“Mimi nitakuwa… nangoja.”

“Basi jina yako hatuwezi kumupa mutu, mwenyewe anangoja. Na huyu bukwe yangu, bibi yako, hatuwezi kumufungua. Atakaa mujane wa mutu muzima mpaka azikwe. Weye unajiandika hauna bibi, yeye anabaki na bwana ndani ya barafu. Hiyo njo akili ya Kasapa?”

Ndipo Geneviève aliposema, kwa sauti ya chini isiyokuwa yake:

“Munifungue leo.”

“Leo namna gani?”

“Leo. Yeye akiwa hapa. Kama njia yake iko wazi, na yangu iwe wazi. Munifunge ushanga, na Alhamisi nitatia sahihi mbele ya Dokta.”

Mutale alitikisa kichwa. “Mimi ushanga sijafungaka kwa mchezo.”

“Funga, yaya,” Adrien alisema, akicheka kwa sababu aliona sahihi imepatikana. “Ni kadude kadogo ka kioo. Mimi sitakufa juu ya kioo.”

Hilo lilikuwa kosa lake. Miaka thelathini ya kupima kila kitu kwa mizani ilimfanya adhani kwamba kitu kisicho na uzito hakina nguvu. Mutale alitoa unga, akatoa ushanga, akasema maneno yote ya ukoo bila kuruka hata moja, akafunga fundo. Na kwa kuwa kinywa chake kilikuwa kimezoea kufuata mikono yake, alipomaliza akapiga ukelele wa msiba. Majirani wakaja mbio.

“Nani amekufa?”

Mutale akaonyesha kwa mdomo. “Huyu.”

Adrien alikuwa amekaa na chupa ya Fanta mkononi.

Geneviève aliushika ushanga kama sheria. Siku hiyohiyo alihamisha nguo zake kwenda chumba cha Emmanuella. Chakula cha Adrien kilimfikia kwenye sinia yenye kifuniko, kama cha mgeni. Hakumwita tena Baba Emmanuella. Alimwita Bwana Lombe. Adrien alisema ni vituko vya wanawake, vitapita.

Jumatatu alikuja Ézéchiel, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, aliyemletea Geneviève magunia ya chumvi. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mzee wa kanisa lake, aliyefiwa na mke miaka minne iliyopita. Alikuwa ameishi Lubumbashi muda wa kutosha kuujua ushanga ule.

“Mama Geneviève! Pole sana! Siku gani?”

“Jumamosi.”

“Na mimi sikuambiwa! Mumezika?”

“Bado.”

“Mwili iko wapi?”

“Sebuleni. Anasikiliza habari.”

Ézéchiel alicheka mpaka akalalia gunia. Geneviève alimweleza kisa chote, naye akacheka tena, kisha akajipangusa macho akautazama ule mkono wenye ushanga, mara hii bila kucheka.

“Basi mama, Mungu ni shahidi. Ile kitu ikifika Krismasi ingali kwa mukono, nitatuma bazee yangu. Mutu mwenye bibi kama weye, na anakimbilia plastiki!”

Dirisha la sebule lilikuwa wazi. Adrien alitoka bila viatu.

“Chumvi imetosha. Lori inafunga njia.”

“Samahani, marehemu,” Ézéchiel alijibu, akapanda gari lake.

Adrien alibaki kibarazani akihema. “Toa hiyo ushanga.”

“Nilijifunga miye?”

“Ule mutu wa Butembo amekuangalia.”

“Ameangalia na macho. Weye umeandika na bic kwa karatasi.”

Geneviève alisikia utamu kifuani. Alimwona mume wake akichomwa na moto uleule uliomchoma yeye, na alitamani uendelee kuwaka. Haikuwa furaha safi, naye alijua. Mtu anayempenda mgonjwa wa moyo hafurahi kuuona moyo huo ukipigapiga shingoni kwa hasira. Lakini siku ile aliuza samaki akiimba.

Adrien kwa upande wake aliona jambo ambalo kofia ya nyaya haikumwonyesha. Siku zote alikuwa akijiona yeye ndiye anayekwenda mbele, na mkewe amebaki nyuma, amesimama palepale. Sasa aliona kwamba mkewe naye angekuwa na siku zake, Jumatatu na Jumanne zake, na chumvi ya mtu mwingine kibarazani. Jumatano alikata neno lile la swali la kumi na nne, akaandika juu yake “marié”, mwenye mke, akamletea mkewe karatasi na kalamu.

“Nimebadilisha. Nitaamuka na bibi. Sasa tia sahihi.”

“Na bibi mwenyewe akiwa amekufa?”

“Nitakuwa mujane.”

“Miaka ngapi?”

“Dokta anasema mwili inaweza kufika miaka mia mbili.”

“Mia mbili!” Geneviève alicheka, na machozi yakamtoka humohumo. “Weye! Nilienda Kasenga majuma tatu kumuzika mama, nikarudia, nikakuta umekula mikate tu na mubwa amenona!”

Adrien alicheka pia. Kisha akakaa kwenye kiti kando yake, karatasi ikiwa juu ya magoti.

“Mama Emmanuella, miye naogopa kufa.”

Hakuwahi kumwambia hivyo. Ilikuwa mara ya kwanza, na ilikuwa kweli tupu. Geneviève alikuwa na kalamu mkononi. Alijua neno ambalo mke mwema angelisema saa ile: nenda, ishi, hata kama siko. Alilijua kabisa. Lakini nyuma ya neno hilo alikuwa amekaa yule mwanamke mwenye shingo nzuri, kinywa wazi.

“Weye njo unajua,” alisema, akimwachia yeye uamuzi.

Adrien alingoja. Aliingoja kalamu iteremke, haikuteremka. Akaikunja karatasi mara mbili, mara nne, akaenda kwa dada yake. Alasiri Mutale alikuja na mkasi, akaukata ushanga, akawakaripia wote wawili kama watoto walioiba sukari, akaondoka bila kunywa hata maji.

Asubuhi iliyofuata gari jeupe lilikuja mpaka langoni. Adrien alikuwa kibarazani akipanga samaki.

“Mwambie Dokta sitakuja tena,” alimwambia dereva.

“Leo tu, ao sikuzote?”

“Sikuzote.”

Gari likageuka, likapotea. Geneviève alikuwa mlangoni amesikia yote. Alikuwa amepata alichokitaka. Mwanamume huyu angekufa akiwa wake, kichwa na mwili, na hakuna mkono wowote duniani ambao ungekula bukari kama yeye. Alingoja furaha ije. Adrien bado alikuwa akiitazama njia, vumbi likiwa limeshatua.

“Unaangalia nini?”

“Hakuna.”

Na kweli, njiani hapakuwa na mwanamke yeyote. Hapakuwa na mtu wa kumfukuza. Geneviève aliketi upande wa pili wa kapu akaona kwamba mumewe anachanganya samaki, wakubwa kwa wadogo, waliovunjika kwa wazima. Siku nyingine angemgombeza. Aliingiza mkono kapuni akaanza kuwatenganisha tena, mmoja mmoja, mpaka mteja wa kwanza alipofika.